Twende Mukumu, tukalione jiwe linalolia

KILA likizo ya shule inapokaribia, swali huwa ni lile lile katika nyumba nyingi za Nairobi, Nakuru na Mombasa: watoto tuwapeleke wapi safari hii? Wenye uwezo hutaja ufuo wa bahari. Wasio na uwezo huwasha televisheni, na likizo ikaishia hapo. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa mjini hukua akiwajua wachezaji wote wa kandanda wa Uingereza kwa majina, ilhali hawezi kukutajia mti mmoja wa kijiji alikozaliwa babake.

Wenzetu wa Ulaya wana desturi ya siku nyingi. Mtu akichoka na moshi wa mjini, hufunga virago akaenda katika miji ya milimani yenye chemchemi za maji yanayosifiwa kwa kuponya. Waingereza wana Bath, ambako Warumi walijenga hamamu karibu miaka 2000 iliyopita. Wajerumani wana Baden-Baden, nao Wacheki wana Karlovy Vary. Mgeni huoga, huyanywa maji yale, kisha huzunguka kwa miguu akitazama makanisa ya kale, misitu na magofu. Anarudi kazini akiwa mtu mpya.

Je, sisi tumenyimwa? Hata kidogo. Chemchemi za moto tunazo, kama zile za Ziwa Bogoria hapa Kenya na zile za Kitagata huko magharibi mwa Uganda. Lakini leo sikuelekezi huko. Nakuelekeza mahali ambapo maji ni baridi, hewa ni safi, na kila upande unaogeukia pana jambo la kale la kusimuliwa. Mahali hapo ni Mukumu, katika Kaunti ya Kakamega.

MJI MDOGO WENYE JINA KUBWA

Mukumu si mji wa kukutisha kwa majumba. Ukitoka Kisumu kwa barabara kuu ya kwenda Kakamega, utapita Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, Sigalagala na Khayega, kisha hao mmefika. Kutoka hapo hadi mjini Kakamega ni dakika chache tu kwa matatu. Uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jioni utahitaji sweta, hata kama mchana ulikuwa ukijipepea.

Jina lenyewe ni la mti. Katika lugha za Kiluhya, omukumu ni mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, wenye kivuli kipana. Chini ya miti ya namna hiyo wazee walikaa wakaamua kesi, wakapatanisha waliogombana, wakamwomba Mungu alete mvua. Kwa hiyo unaposhuka hapo, jua kwamba umeshuka mahali ambapo pameitwa kwa jina la baraza.

Mnamo 1906 wamishonari Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walipiga kambi hapa. Miaka minne kabla yao, mwaka wa 1902, Wamarekani wa dhehebu la Friends, ambalo wengi huliita Quaker, walikuwa wameanzisha kituo chao Kaimosi, upande wa kusini mashariki. Vituo hivi viwili vilileta shule, hospitali na ufundi wa useremala na uashi. Ndiyo sababu katika eneo hili utakuta shule nyingi kupita kiasi, na watu wazima wengi nchini wanaolijua jina la Mukumu kwa sababu walisomea hapo au dada zao walisomea hapo. Ukifika Jumapili, ingia kanisani hata kama wewe si wa imani hiyo. Utasikia nyimbo za ibada zikiimbwa kwa ngoma za kienyeji, jambo ambalo wamishonari wa kwanza hawangelikubali kamwe.

Kutoka Mukumu unaweza kuelekea pande nne. Nitakutembeza moja baada ya nyingine.

KASKAZINI: JIWE LINALOLIA

Shika barabara kuelekea Kakamega mpaka Ilesi. Tazama upande wa mlimani. Utaona jabali refu lililosimama kama mtu, na juu yake limekaa jiwe jingine la mviringo mfano wa kichwa. Kwa jumla lina urefu wa mita 40 hivi. Wenyeji wa jamii ya Isukha huliita Ikhongo Murwi. Sisi wengine tumezoea kuliita jiwe linalolia.

Linalia vipi? Maji hutiririka kutoka shingoni pake yakashuka kifuani, yakaacha alama nyeusi kama mkondo wa machozi. Wapo wasemao kwamba huyo alikuwa msichana aliyempenda mwanamume ambaye wazazi walimkataa, naye akalia hadi akageuka jiwe. Wapo wenye masimulizi tofauti kabisa. Wataalamu nao wanatueleza kwa ufupi kwamba maji ya mvua hukusanyika kwenye bonde dogo lililo juu, katikati ya mawe na mimea, kisha hutoka polepole hata baada ya mvua kukatika. Mtoto wako asikie maelezo yote mawili. Moja litamfunza sayansi na jingine litamfunza jinsi mababu zake walivyofikiri.

Sasa nikupe la kweli, msomaji, ili usije ukanilaumu. Mimi nilipowapeleka wanangu mara ya kwanza, tulifika mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi. Tulisimama, tukatazama, tukangoja. Jiwe lilikuwa kavu. Kijana wangu mdogo akaniuliza, "Baba, mbona halilii?" Sikuwa na jibu. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi wake ndiye aliyemjibu. "Zamani lilikuwa likilia mwaka mzima, mjukuu wangu. Tazama pale." Akanyoosha fimbo akaonyesha mikaratusi iliyopandwa kuzunguka mlima.

Wenyeji wengi wanailaumu mikaratusi hiyo. Ni mti wa pesa, kwa maana hukua haraka na huuzwa kwa nguzo na kuni, lakini ni mti wenye kiu kubwa. Mashamba nayo yamepanda hadi karibu na unyayo wa jabali, kwani watu ni wengi na ardhi ni kidogo. Usiwahukumu kwa haraka. Mwenye nusu ekari na watoto sita wa kulipia karo hawezi kuambiwa aache mti unaomlisha kwa ajili ya picha za wageni, bila ya kuambiwa atakula nini. Lakini kama jiwe halitalia tena, si Wasukha peke yao watakaokuwa wamepoteza.

Ukitaka kuliona likilia, nenda wakati wa mvua ndefu, kuanzia Aprili hivi. Mpate kijana wa hapo awaongoze, na umlipe. Njia huteleza, na nyingine hupita katikati ya mashamba ya watu.

KUSINI: FAHALI WAWILI

Methali inasema fahali wawili hawakai zizi moja. Wasukha na Waidakho waliigeuza methali hiyo kuwa mchezo. Jumamosi alfajiri, katika viwanja vya Khayega, Shinyalu au Malinya, watu huwaleta mafahali wao kwa vifijo, filimbi na ngoma. Wanyama hao hulishwa kwa uangalifu na hupewa majina kama ya mabondia. Hakuna mtu mwenye upanga hapa, wala hauawi mnyama kama ifanyikavyo Uhispania. Ni fahali kwa fahali, pembe kwa pembe, mpaka mmoja ageuke akimbie. Aliyekimbia ameshindwa. Basi, umekwisha.

Sitakuficha kwamba wapo wanaoupinga mchezo huu wakisema ni kuwatesa wanyama, na wakati mwingine fahali hujeruhiwa kweli. Wanaoutetea husema kwamba fahali wakipigana malishoni hakuna anayewaita wakatili, na kwamba mchezo huu huwakutanisha watu wa vijiji vilivyo mbali. Wachukue vijana wako wakajionee, kisha mjadiliane njiani. Lakini sharti moja: simama mbali, na watoto wadogo wasikuachie mkono. Fahali aliyeshindwa haangalii anakokimbilia.

Amka mapema. Ukifika saa tatu utakuta vumbi tu na watu wakisimulia. Tena ulizia siku moja kabla, kwa maana si kila Jumamosi kuna pambano.

Ngoma utakayoisikia hapo ni isukuti, na hii inastahili kituo chake. Ngoma ni tatu: kubwa, ya wastani na ndogo. Huchongwa kutoka gogo moja lililochimbwa ndani, na huwambwa kwa ngozi. Zamani iliyopendwa ilikuwa ngozi ya kenge. Huandamana na pembe la paa na njuga za chuma. Mwimbishaji huanza, wengine hupokea, na wachezaji hutikisa mabega kwa kasi ya ajabu. Isukuti hupigwa mtoto anapozaliwa, vijana wanapotiwa jandoni, watu wanapooana, na mzee anapozikwa. Maisha yote ya mtu, toka mwanzo hadi mwisho, yamo katika ngoma zile tatu.

Mwaka wa 2014 shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, UNESCO, liliitia isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Tulishangilia. Lakini wengi hawakusoma jina la orodha yenyewe. Ni orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Kwa maneno mengine, tulipewa heshima na onyo kwa mkono mmoja. Wapigaji wengi wamezeeka, na vijana wa kuwarithi ni wachache. Vikundi vingine havichezi tena bila ya kulipwa, na wasikilizaji wengi wamehamia muziki wa redio na simu.

Kwa hiyo ukiwa huko, usitosheke kupiga picha. Mwombe mpigaji amfundishe mwanao mapigo mawili matatu. Binti yangu alijaribu ile ngoma ndogo kwa robo saa. Mikono ilimvimba, lakini tangu siku hiyo hupiga meza ya jikoni kila anapongoja chakula, na sijamkataza.

MASHARIKI: MSITU ULIOBAKI

Kutoka Khayega, kata upande wa mashariki kupitia Shinyalu mpaka Isecheno. Hapo utakuwa mlangoni pa Msitu wa Kakamega. Zamani za kale msitu wa mvua ulitanda kutoka Kongo, ukavuka Uganda, ukafika hapa. Tabianchi ikabadilika, watu wakaongezeka, msitu ukakatika vipande. Kakamega ndicho kipande cha msitu huo kilichobaki nchini Kenya. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mnamo 1933, na sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa katika miaka ya 1980. Sehemu hiyo husimamiwa na Shirika la Wanyamapori, na kusini husimamiwa na Shirika la Misitu. Kwa hiyo kiingilio hulipwa kwa mashirika mawili tofauti. Uliza kabla ya kusafiri, na usitegemee kulipa kwa pesa taslimu.

Hapa usitarajie simba wala ndovu. Inua macho. Juu ya matawi utawaona mbega weusi kwa weupe wakiruka kama waliovaa majoho ya harusi, na ukiwa na bahati utamwona yule kima wa ndevu nyeupe aitwaye De Brazza. Aina za ndege ni zaidi ya 300. Yuko ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi, na yuko hondohondo ambaye mabawa yake huvuma kama upepo. Vipepeo wamehesabiwa kufikia aina 400 hivi. Mwaka wa 1995 vijana waongozaji wa hapa waliunda kikundi chao cha kufundisha watoto wa shule juu ya msitu, na hufuga vipepeo pale Isecheno. Waongozaji hawa wanaijua miti kwa jina la kisayansi na la Kiluhya, na watakuambia ni upi uliotibu tumbo la nyanya zao.

Hapa ndipo ilipo tiba ya Mukumu, msomaji. Ulaya watu hunywa maji. Huku watu hutafuna mizizi na kuchemsha maganda. Kuna mti maarufu karibu na Isecheno uitwao Mama Mutere, wenye maganda yaliyokuwa dawa ya vizazi vingi. Kuna mukombero, mzizi wenye harufu tamu ambao huuzwa hadi mitaa ya Nairobi. Wanaume huusifu kwa sababu wazijuazo wenyewe, na wazee hutafuna ili wapate hamu ya kula. Lakini tahadhari: usichume wala kubandua kitu msituni, na ukiwa mgonjwa mwone daktari. Maganda yakibanduliwa kuzunguka shina zima, mti hufa, na tayari iliyokufa hivyo si michache.

Lala usiku mmoja karibu na msitu, katika mabanda ya bei nafuu au, ukiwa na uwezo, pale Rondo, ambako nyumba ya mbao ya mpasua mbao wa enzi za ukoloni imegeuzwa kuwa mahali pa wageni kupumzika. Kisha amka saa kumi na moja upande kilima cha Lirhanda. Ukungu utakuwa umelala juu ya miti kama maziwa ndani ya kibuyu. Jua likitoka utasikia msitu mzima ukiamka. Wanangu, ambao nyumbani hawanyamazi, walinyamaza.

Katika miaka ya karibuni umetolewa mpango wa kuuzungushia msitu huu ua wa umeme. Wakazi wengi waliupinga. Walisema kuni, malisho, dawa na mahali pa matambiko vitafungiwa ndani wao wakibaki nje. Wahifadhi nao wanasema bila ua miti itaisha. Kila upande una hoja. Ukizungumza na wenyeji, sikiliza kwanza.

MAGHARIBI: DHAHABU ILIYOVUNJA AHADI

Pale Lirhanda utaonyeshwa pango lenye popo. Si pango la asili. Lilichimbwa na watu waliotafuta dhahabu. Mwaka wa 1931 mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu Kakamega. Habari zikaenea, na muda si muda mamia ya Wazungu wakamiminika na mahema yao. Mgodi mkubwa zaidi ulikuwa Rosterman, nje kidogo ya mji wa Kakamega, uliofungwa mnamo 1952. Nguzo za kushikilia mapango zilikatwa msituni.

Wanafunzi wa historia, hili liwekeni akilini. Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya wenyeji itakuwa yao milele, na kwamba ikitwaliwa lazima walipwe ardhi nyingine. Dhahabu ikapatikana. Desemba 1932 sheria hiyo ikarekebishwa ili ardhi itwaliwe kwa uchimbaji bila ya kulipwa ardhi nyingine. Ile "milele" ilidumu miaka miwili.

Na mambo hayajaisha. Upande wa Ikolomani wanaume hadi leo hushuka mashimoni, na akina mama hupepeta mchanga kwa makarai mtoni. Mashimo huporomoka. Zebaki inayotumika kukusanya dhahabu ni sumu kwa mchimbaji na kwa wanaokunywa maji chini yake. Katika miaka hii, utafutaji wa kampuni kubwa umefufua swali lile lile la miaka ya 1930: mwenye shamba atahamia wapi, na atapewa nini? Ukipita huko, usiingie shimoni hata ukishawishiwa vipi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Siku tatu zinatosha. Mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo tembea asubuhi na uache alasiri kwa chai na mazungumzo. Beba viatu vya matope, koti la mvua na chandarua, maana mbu wapo. Ndani ya msitu usiiache njia. Nyoka ni wengi. Salamu ya hapa ni "Mulembe", yaani amani. Itoe kwanza, kisha uulize njia. Na ukikaribishwa chakula, usikatae obusuma kwa ingokho, yaani sima kwa kuku, pamoja na mboga ya murere. Mgeni anayekataa kuku amemkataa mwenyeji.

Lakini nasaha yangu kubwa ni kwa mzazi aliyezaliwa pande hizi akahamia mjini. Mzee yule wa mbuzi alipozungumza nasi, alianza kwa Kiisukha. Alipoona wanangu wanatazamana, akahamia Kiswahili bila ya kulalamika. Mimi ndiye niliyeona haya. Jiwe likikauka twaweza kupanda miti ya kienyeji na kungoja. Ngoma ikipasuka twaweza kuwamba nyingine. Lakini mzee wa hadithi akiondoka kabla ya mjukuu kuielewa lugha yake, hapo hakuna la kupanda wala la kuwamba.

Likizo ijayo, basi, hesabu nauli yako vizuri, wachukue watoto, na wachukue na maswali yao. Mwacha mila ni mtumwa, na aliye mbali na mila yake huenda ni kwa sababu tu hakuna aliyempeleka. Safari njema.